Dhahabu ya Kwanza Ilitoka Mombasa: Barua kwa Vijana wa Mbio Fupi wa Pwani

Kwenu wanangu na wajukuu zangu mnaokimbia mita 100 na 200, kutoka Lamu hadi Kwale, na ninyi wa Taita pia.

Salamu nyingi. Mimi ni mwalimu wa michezo niliyestaafu, lakini sikio langu halijaondoka uwanjani, na ninayoyasikia siku hizi ndiyo yaliyonikalisha kuandika. Baadhi yenu mnataka kuziacha mbio fupi mwende kwenye mbio za barabarani. Ingekuwa miili yenu ndiyo inayotaka hivyo, nisingesema neno. Mnakwenda kwa kuwa mmeambiwa Mkenya ni wa mbio ndefu, na kwamba mtu wa Pwani hata hizo ndefu hana lake. Si kweli, na ningependa mjue kwa nini si kweli kabla hamjaviuza viatu vyenu vya misumari.

Dhahabu ya kwanza ya Kenya katika mashindano makubwa ya kimataifa haikuletwa na mkimbiaji wa mita 5,000 wala wa kuruka viunzi na maji. Ililetwa na mkimbiaji wa mbio fupi, mzaliwa wa Mombasa, Seraphino Antao. Alizaliwa mwaka 1937 katika familia ya Wagoa, yaani watu wenye asili ya Goa, India. Mwaka 1960 alikwenda Roma kwenye Olimpiki, na Novemba 1962 akaenda Perth, Australia, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola. Huko alishinda yadi 100 kwa sekunde 9.5, kisha akarudi akashinda yadi 220 kwa sekunde 21.1. Dhahabu mbili katika mashindano mamoja, na nchi yetu ilikuwa bado koloni. Uhuru ulikuja Desemba ya mwaka uliofuata. Kipchoge Keino alikuwa kwenye timu hiyo hiyo, kijana ambaye bado hakuwa na medali. Kenya huru ilipokwenda Olimpiki yake ya kwanza, Tokyo 1964, aliyeibeba bendera mbele ya timu alikuwa Antao.

Wengi wenu hamkulijua jina hili, na hilo si kosa lenu. Kosa ni letu wazee. Wapo pia wanaolijua na wanaosema, "Ah, huyo alikuwa Mgoa." Nawaombeni msiyarudie maneno hayo. Alizaliwa hapa, akakulia hapa, na vazi alilovaa Perth lilikuwa la Kenya. Pwani hii kila ukoo una safari yake, na tukianza kuulizana babu ya nani alitoka wapi, hatabaki wa kushangilia.

Sasa tuirudie fainali ile ya yadi 100, kwa sababu kuna mtu mwingine ndani yake ninayetaka mumjue. Naye ni Harry Jerome wa Kanada. Alifika Perth akiwa mmoja wa wenye rekodi ya dunia ya mita 100, sekunde 10.0, na wengi walimtarajia yeye. Katikati ya mbio msuli wa paja lake ukachanika, akamaliza wa mwisho. Magazeti ya kwao yakamwandika kuwa ni mtu wa kukata tamaa, ilhali mguu wake ulihitaji kisu cha daktari. Miaka miwili baadaye, Tokyo, Jerome alipata shaba ya mita 100, na mwaka 1966 huko Kingston, Jamaika, akaichukua dhahabu ya yadi 100 ya Madola iliyomponyoka Perth.

Nimelitaja hili kwa sababu nimewaona mkimcheka mwenzenu anayechechemea, na nimewaona pia mkikimbia na msuli unaovuta kwa kuogopa kuchekwa. Mkimbiaji wa mbio ndefu akiumia kidogo anaweza kupunguza kasi akamaliza. Wewe wa mita 100 huna kasi ya kupunguza. Msuli wa nyuma ya paja ukikuvuta, simama palepale, hata kama mchujo unaanza dakika tano zijazo na mama yako yuko jukwaani. Msimu mmoja utaupoteza, lakini mguu utabaki nao.

Baada ya Antao tulikuwa na watu hodari wa mita 400. Charles Asati alishinda dhahabu ya Madola mara mbili, 1970 na 1974, na mwaka 1972 huko Munich alikimbia na Hezahiah Nyamau, Robert Ouko na Julius Sang wakachukua dhahabu ya Olimpiki ya kupokezana vijiti, mita 400 kwa wanne. Lakini katika mita 100 tulingoja sana. Ni Agosti 2022, Birmingham, ndipo Ferdinand Omanyala aliposhinda dhahabu ya Madola kwa sekunde 10.02, miaka 60 tangu Perth.

Omanyala mnamjua, ila nadhani mnamjua kwa siku moja tu, ile ya Kasarani ya Septemba 18, 2021, alipokimbia 9.77 nyuma ya Trayvon Bromell wa Marekani aliyepata 9.76, ikawa rekodi ya Afrika. Someni na miaka iliyotangulia. Alianza kwenye raga. Alisomea kemia Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka 2017 alifungiwa miezi 14 baada ya kupatikana na betamethasone, dawa iliyokatazwa kwa wanariadha, na mwenyewe ameeleza kwamba ilitokana na dawa aliyopewa kwa maumivu ya mgongo. Miezi 14 kwa kijana wa mbio fupi ni muda mrefu sana. Alirudi, na ilimchukua hadi 2021, huko Lagos, kukimbia 10.01 na kufuzu kwa Olimpiki.

Kwa hiyo hapa nasema kama baba anavyosema na wanawe: usikubali sindano, kidonge wala unga wa kuongeza nguvu kutoka kwa mtu yeyote kabla hujamwambia, "Mimi ni mwanariadha, napimwa pufya," yaani dawa zilizokatazwa michezoni. Mwambie daktari aandike jina la dawa, na karatasi hiyo uitunze. Ukiugua kweli na dawa unayohitaji imo kwenye orodha ya marufuku, kuna njia ya kuomba kibali cha matibabu. Waulize ADAK, shirika la Kenya la kupambana na pufya, mapema. Usimtume rafiki akakuulizie. Jina litakalotangazwa ni lako.

Neno langu la mwisho ni kuhusu saa, maana hapo ndipo wengi mnapovunjika moyo bila sababu. Kijana anapimwa Mombasa kwa saa ya mkononi, anaambiwa amekimbia 10.6, anakwenda Nairobi kwenye saa ya umeme anapata 10.8, anarudi akilia kwamba ameishiwa. Hajaishiwa. Saa ya mkononi humpa mtu faida ya karibu sekunde 0.24 katika mita 100, kwa kuwa kidole cha mpimaji huchelewa kuijibu bastola. Kisha kuna hewa: Nairobi iko juu, hewa yake ni nyepesi, na mkimbiaji wa mbio fupi hupata unafuu mdogo huko. Huku kwetu baharini hewa ni nzito. Kijana wetu wa 10.8 ya saa ya umeme hapa Mombasa si wa kudharauliwa.

Na upepo. Ukizidi mita 2.0 kwa sekunde mgongoni, muda wako hauingii kwenye rekodi. Nawajua makocha wanaopanga majaribio kusi ikiwa nyuma ya vijana ili namba zipendeze. Namba hizo zinawadanganya ninyi, hazimdanganyi mwamuzi. Kama hamna kipima upepo, kimbieni mara moja mkiupa mgongo na mara moja mkiukabili, mkiwa mmepumzika vya kutosha katikati, muandike zote mbili daftarini pamoja na tarehe na jina la aliyepima. Mfanye hivyo kusi nzima, kisha kaskazi. Mkitaka kuziacha mbio fupi baada ya hapo, njooni kwangu na daftari tulisome pamoja, lakini msije na maneno ya watu wa barazani.

Ni mimi babu yenu,
mwalimu mstaafu wa michezo, Mombasa.