Kilio cha njiti kisipimwe kwa kipimo cha mtoto aliyetimia

Mhariri,

Programu za simu zinazodai kutafsiri kilio cha mtoto mchanga zimezagaa. Mzazi wa njiti, yaani mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, asizitegemee.

Mtoto aliyetimiza wiki 37 tumboni akilia, nyuzi zake za sauti hutetemeka kama mara 400 hadi 600 kwa sekunde, yaani hezi 400 hadi 600. Mwanamume akizungumza ni kama 120. Kila mlio hutoka na pumzi, hupanda, hushuka, kisha husikika mvuto mfupi wa hewa: “ngaaa”, kimya, “ngaaa”. Cha njiti mara nyingi ni chembamba zaidi, vipande vyake ni vifupi na sauti hutetereka; pengine huruka ghafla ikapita hezi 1,000.

Wengi husema ni udogo wa mwili. Hilo halitoshi. Mwaka 2014 watafiti wa Japani walipima njiti waliofikia tarehe waliyopaswa kuzaliwa, wakakuta sauti bado ni nyembamba zaidi, na udogo wa mwili haukuwa sababu. Wanadhani chanzo ni neva ya vagasi, inayoongoza misuli ya zoloto, sehemu ya koo yenye nyuzi za sauti: ikilegea kazini, misuli hukaza nyuzi, na uzi uliokazwa hulia kwa wembamba. Aliyewahi kuwekewa mpira wa kupumulia ni habari nyingine. Nyuzi zikivimba, sauti hukwaruza.

Kurekodi kilio ili kipimwe nako kuna mitego. Maikrofoni ikae sentimita 15 hadi 30 kutoka mdomoni, kando kidogo ili pumzi isiipige, na umbali usibadilike. Zima urekebishaji wa sauti wa simu: hupandisha kilio dhaifu na kushusha kikali, kisha nguvu ya kilio haipimiki tena. Ndani ya inkubeta, kisanduku cha kumtunzia njiti joto, kuna mngurumo wa feni na mwangwi wa kuta. Kilio cha sindano kisilinganishwe na cha njaa. Kosa baya kuliko yote ni la kompyuta yenyewe: hezi 450 huzisoma 900, na mtoto mzima akaonekana mgonjwa. Picha ya mawimbi ya sauti lazima ikaguliwe kwa macho.

Kwa hiyo wembamba peke yake si dalili ya maumivu kwa njiti. Kinachotisha ni kilio kilichobadilika ghafla kikawa chembamba au kinyonge kuliko kawaida yake, huku mtoto akikataa kunyonya, akilegea, au mwili ukipata joto au baridi isiyo ya kawaida. Hapo simu iwekwe chini, mtoto apelekwe hospitali.