Hataza ya mashine ya korosho iandikwe na anayejua chuma

Ndugu Mhariri,

Msimu wa korosho ukikaribia, lalamiko katika karakana za Mtwara na Masasi ni lile lile: fulani kaninakili mashine ya kubangulia. Fundi mwenye hataza, yaani haki ya kisheria ya kuwazuia wengine kutumia ubunifu wake, hudhani cheti kinamtosha. Nguvu ya cheti iko kwenye madai, yaani yale maneno yanayotaja mipaka ya ubunifu wake, na wengi hawajawahi kuyasoma tangu maombi yapelekwe BRELA, wakala wa serikali unaosajili hataza.

Mahakamani haitoshi kwamba mashine mbili zinafanana kwa macho. Dai hukatwa vipande, kisha kila kipande kinatafutwa kwenye mashine ya mdaiwa. Kimoja kikikosekana, mdaiwa anapata pa kutokea.

Kanyagio na visu viwili vilivyopinda si kitu kipya, kwa hiyo usivitegemee. Tuseme kipya ni kizuizi kinachopunguza safari ya kisu kulingana na ukubwa wa korosho. Kisu kikizama mno, kinafika kwenye punje. Iliyokuwa iende W320, daraja la punje nzima nyeupe, inauzwa kama vipande. Kisipozama vya kutosha, ganda halipasuki, mbanguaji anamalizia kwa vidole na mafuta ya ganda yanamuunguza. Ubunifu uko hapo, na dai liseme hivyo. Wakili asiyejua mitambo ataandika "kizuizi chenye springi" kwa sababu ameiona springi kwenye mchoro. Mwigaji ataing'oa, ataweka kipande cha chuma kizito upande wa pili wa mkono wa kisu, na kazi itaendelea. Mwenye uhandisi ataandika "kizuizi kinachorekebishika", halafu springi aiweke kwenye dai la chini yake, yaani dai dogo linalolitegemea lile kuu. Vipimo navyo hivyo hivyo: ukiandika milimita 3 peke yake, utaletewa mashine ya 3.5.

Wapo majaji wanaotazama kazi ya kifaa kuliko neno. Uingereza, katika kesi ya Catnic dhidi ya Hill & Smith, dai lilitaka bamba la nyuma la boriti ya chuma ya juu ya mlango lisimame wima. Mshindani akaliinamisha digrii 6 hadi 8. Akashindwa, kwa sababu mwinamo huo haukupunguza uwezo wa kubeba kwa kiasi cha maana. Hoja hiyo ni hesabu ya mhandisi. Lakini kesi ile ilipanda hadi ngazi ya juu kabisa, na sijui karakana gani ya Newala ina fedha za safari hiyo.

Ukilazimika kushtaki, nunua mashine ya mwigaji kwa risiti, ikiwezekana mbili. Moja ifungwe na kutiwa lakiri. Nyingine ifunguliwe mbele ya mashahidi, ipigwe picha kabla ya kila bolti kutoka, pengo la visu lipimwe kwa kalipa wakati kisu kiko juu na wakati kiko chini. Kila kipuri kiwekwe alama. Ndipo litengenezwe jedwali: kushoto kipande cha dai, kulia picha na kipimo. Kipuri kilichopita mikono bila kuandikwa, wakili wa upande wa pili atakishikilia hicho tu.

Naye hatakaa kimya. Atatafuta katalogi za zamani za India na Brazili, na atatafuta picha zako mwenyewe. Mashine iliyooneshwa Nanenane pale Ngongo, Lindi, au iliyorushwa WhatsApp kabla maombi hayajapokelewa, inaweza kukosa sifa ya upya, na hataza ikafutwa katika kesi uliyoifungua wewe. Peleka maombi kwanza.

Jambo la mwisho ni mto Ruvuma, mpaka wetu na Msumbiji. Hataza iliyotolewa na BRELA haivuki mto, na ng'ambo nako korosho zinabanguliwa. Ukitaka Msumbiji nayo, maombi yaende ARIPO, shirika la kikanda la Afrika la hakimiliki za ubunifu lililoko Harare, yakiitaja nchi hiyo, ndani ya miezi 12 tangu yale ya kwanza, ili tarehe ya kwanza iendelee kuhesabika.

Wakili na mhandisi mitambo,
Shangani, Mtwara