Barua kwa mwanangu aliye Little Rock

Mwanangu Rehema,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Umesema chumba ulichopata kiko mtaa wa Quapaw, na kila uliyemuuliza maana ya jina hilo hakuijua. Basi nikueleze mimi mama yako, maana huku Oklahoma ndiko wenye jina walikoishia.

Waquapaw ni kabila la wenyeji wa asili wa Marekani. Wao hujiita Ogahpah, watu walioshuka na mkondo. Ndugu zao Waomaha walipanda na mto, wao wakateremka hadi pale Mto Arkansas unapoingia Mto Mississippi. Majirani wakawaita Akansea, Wafaransa waliofika 1673 wakalishika jina hilo, nawe leo unaliandika kwenye anwani yako kama jina la jimbo, Arkansas. Walikuwa wafinyanzi hodari. Vyungu vyao vina michirizi myekundu na myeupe inayozunguka kama maji.

Serikali ya Marekani ilichukua sehemu kubwa ya ardhi yao 1818, na 1824 ikachukua iliyobaki. Wakapelekwa Mto Red, Louisiana. Huko mafuriko yakasomba mazao, watu wakafa njaa. Wengi wakarudi Arkansas na kukuta nchi yao ina wenyewe wapya. 1834 wakahamishwa tena, wakaletwa huku.

Mwezi uliopita nilifika Picher, mwanangu. Mji mtupu. Vilima vya changarawe ya kijivu vimeyapita mapaa ya nyumba kwa urefu, na upepo ukivuma unahisi vumbi lake mdomoni. Ni mabaki ya machimbo ya risasi na zinki kwenye ardhi ya Waquapaw. Kwa lugha yetu risasi ya mgodini na ya bunduki ni neno moja, na kweli iliyochimbwa hapa ilikwenda kupigana vita vyote viwili vya dunia. Watoto waliteleza kwenye vilima vile wakicheza, sumu ikawaingia damuni. Nililia, sikuficha.

Kijito cha Tar kinachopita hapo kina rangi ya kutu hadi leo. Lakini tangu 2013 Waquapaw wenyewe wanasafisha. Ndilo kabila la kwanza Marekani kukabidhiwa kazi kama hiyo. Wanaipenda ardhi hata ile waliyosukumiwa.

Kijito hicho huingia Mto Neosho, Neosho ukaingia Mto Arkansas, na Arkansas unapita hapo kwako. Jioni ukifika darajani, yatazame maji yale.

Julai wana ngoma yao kubwa ya kila mwaka. Omba likizo mapema, tutakwenda pamoja.

Mama yako