Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Udongo Wetu Hautaki Majivu

Ndugu wanachama wa chama chetu cha bustani hapa Tanga,

Assalaam alaykum. Kwa wenzetu Wakristo, Bwana asifiwe.

Kabla ya yote tumkumbuke mzee wetu wa Makorora, aliyetutoka mwaka huu. Wengi mlimfahamu kwa fimbo yake. Akija kwako hakuanza na mchicha wala nyanya. Alikwenda moja kwa moja kwenye lundo la mboji, akaichomeka fimbo hadi katikati, akaketi kunywa chai, kisha akaichomoa na kuishika. Ikitoka ya moto na yenye unyevu, uso wake ulikunjuka. Ikitoka baridi, alisema lundo lina njaa, lipe majani mabichi au samadi. Ikitoka na unga mweupe mkavu, alisema lina kiu, lipe maji. Mjane wake ametukabidhi fimbo hiyo, nayo iko hapa mezani. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Sasa niseme jambo ambalo wengi mmekuja kulisikia: habari ya majivu. Karatasi ya maelekezo tuliyowagawia mwaka jana iliwataka mnyunyize majivu ya jikoni kwenye kila tuta, mara kwa mara, yawe mbolea na yafukuze wadudu. Karatasi ile niliiandika mimi. Kabla ya kiangazi kwisha nikaanza kuletewa majani ya ndimu, ya pilipili na ya waridi, kutoka Raskazone, Chumbageni na Sahare, yote yana sura moja: jani changa limegeuka njano, mishipa yake imebaki kijani kama wavu. Kwangu mwenyewe mndimu alioupanda marehemu mama uliacha kuzaa. Nilidhani ni ugonjwa, nikazidisha majivu.

Haukuwa ugonjwa. Sisi wa ukanda huu wa bahari tumejenga juu ya mawe ya matumbawe, na ukichimba kisima Raskazone unayaona kwa macho yako. Hata kwa upande wa Amboni, mapango yale tunayopeleka wageni ni mwamba wa chokaa. Udongo unaotokana na mawe hayo una chokaa ya kutosha tangu siku ya kwanza. Majivu nayo kazi yake ni ileile ya chokaa, yanaupunguzia udongo uchachu. Pale kipimo cha pH, namba inayopanda uchachu unapopungua, kinapopita 7.5, madini ya chuma yanabaki ardhini lakini mzizi hauwezi kuyanywa, na zinki na manganizi vivyo hivyo. Mti unakufa njaa mbele ya sahani iliyojaa. Chuma hakihami kutoka jani la zamani kwenda jani jipya, ndiyo maana jani changa ndilo linaloumwa kwanza. Jani la chini, lile la zamani, likianza kuwa njano lote pamoja na mishipa yake, hapo mara nyingi ni upungufu wa naitrojeni, na dawa yake ni nyingine.

Ushauri wa majivu si wa uongo, ila ni wa Lushoto. Huko milimani Usambara mvua nyingi imeosha udongo kwa miaka mingi hadi ukawa mchachu, na majivu yanauponya. Mimi niliuchukua mlimani nikaushusha pwani bila kuuliza udongo wetu unasemaje. Nawaomba radhi, na hasa wale wawili waliong'oa michungwa yao wakidhani imekufa.

Kipimo cha kuanzia hakihitaji fedha. Chukua udongo mkavu kijiko kimoja, weka kwenye kisosi, mwagia siki au kamulia ndimu. Ukitoa povu na kuchemka, chokaa imo, na hapo majivu marufuku. Usipotoa povu usikimbilie majivu bado, maana povu linakuambia kuhusu chokaa tu. Kwa jibu kamili kamati imeamua tupeleke sampuli kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Mlingano, kule Muheza, ambacho shughuli yake kwa miaka mingi imekuwa udongo. Chimbeni sentimita 20 kwenda chini, sehemu kumi hivi za bustani, mchanganye kwenye ndoo safi ambayo haijawahi kubeba mbolea ya dukani, mchukue nusu kilo na kuianika kivulini. Msichukue chini ya mti wanapolala kuku wala pale mlipochomea taka.

Waliokwisha kumwaga majivu wasikate tamaa. Acheni kuyaweka, na lisheni udongo mboji na samadi iliyooza, kwa wingi na kwa subira. Vitu vinavyooza hutoa asidi kidogo kidogo karibu na mizizi na kuyashika madini ya chuma yasigande, mmea ukayapata. Mndimu wangu umeanza kutoa majani mabichi baada ya kuwekewa debe tano za mboji na matandazo mazito, shina likiachwa wazi upana wa kiganja. Haujazaa bado.

Katika mboji mwaka huu tumefanya vizuri kuliko mwaka wowote, na sababu kubwa ni kwamba tumeacha kununua tukaanza kuangalia kilichotuzunguka. Tanga ni mji wa ng'ombe wa maziwa. Samadi ipo Pongwe, ipo Duga, ipo hata nyuma ya nyumba za jirani, na wafugaji wengine wanafurahi ukiwaondolea. Soko la Mgandini linatoa maganda ya ndizi na majani ya kabichi kila jioni, kazi yako ni kuchambua plastiki. Matumbo ya samaki kutoka soko la samaki la Deep Sea yana nguvu kubwa, lakini yafukieni katikati ya lundo na kuyafunika kwa majani makavu, la sivyo paka wote wa mtaa watahamia kwenu na jirani atakuwa na haki ya kulalamika. Majani ya bahari yanayotupwa ufukweni ni mazuri, ila yaacheni yanyeshewe mvua kubwa mara mbili tatu chumvi itoke. Makumbi ya nazi huchelewa sana kuoza, kwa hiyo yapangeni chini ya lundo yapitishe hewa, au yafanyeni matandazo.

Kuna na mkonge. Dk. Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, alipouleta mwaka 1893, miche iliyofika hai ilikuwa 62, na kutoka hiyo yakazaliwa mashamba yaliyoujenga mji huu. Katika kilo 100 za majani ya mkonge, nyuzi hazifiki kilo 5. Kinachobaki ni majimaji na makapi. Makapi mabichi ni machachu na yanaunguza mizizi, msiyaweke bustanini moja kwa moja. Yale yaliyokaa kwenye lundo hadi yakawa meusi na kunukia udongo, wanachama wa Pongwe wameyachanganya na samadi na matembele yao yamewajibu. Mimi naona hapa ndipo penye utajiri wetu, na ningependa mwaka ujao tuwe na lundo moja la chama kizima la makapi hayo.

Lundo lisiwe chini ya mita moja kila upande, vinginevyo joto halikai. Makavu yazidi mabichi, kiasi cha ndoo tatu kwa moja. Ligeuzeni kila baada ya wiki mbili au tatu, na kwa joto letu la pwani miezi mitatu inatosha. Maranda ya fundi seremala wekeni kidogo, na ya mbao zilizopakwa dawa msiyalete kabisa.

Kuhusu majani ya mbele ya nyumba, malalamiko makubwa yalikuwa gugu la ndago. Baadhi yenu mlinunua dawa ya magugu kimyakimya, na sitawataja. Ninyi wenyewe mmeona: ndago ilikauka, wiki kadhaa baadaye ikarudi. Chini yake kuna viazi vidogo vilivyofungamana kama shanga, na vile vilivyolala dawa haiviui. Ndago inaogopa kivuli. Palipo na ukoka au nyasi za Pemba zilizosongamana na kuachwa ndefu kidogo, inadhoofika. Wengi wetu tunawaambia vijana wanaokata majani wakate mpaka chini ili wasirudi mapema, na hapo ndipo tunapoifungulia mlango. Msikate zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja. Vipande vilivyokatwa viacheni palepale, vitaoza na kurudi kuwa chakula. Mwagilieni kwa kina mara mbili kwa wiki badala ya kidogo kidogo kila jioni, mizizi ishuke. Ndago iliyobaki ing'oeni kwa uma baada ya mvua, udongo ukiwa laini, mfuate shanga zile hadi ya mwisho. Ni kazi ya magoti. Mama mmoja wa Nguvumali ameifanya misimu miwili mfululizo, na leo wajukuu zake wanacheza pale bila viatu.

Nataka tuelewane kwa nini tunang'ang'ania bustani bila dawa za dukani. Mwamba wetu una matundu kama sifongo. Unachomwaga juu hakichujwi sana, kinashuka haraka kwenye kisima chako au cha jirani, na kinaishia baharini. Bahari hiyo ni ya silikanti, samaki ambaye wataalamu waliwahi kudhani ametoweka pamoja na madainosari, na tangu 2009 ana hifadhi yake hapa Tanga. Asumini tunazowafunga maharusi nyweleni, kilua tunachoweka chini ya mto wa kulalia, matembele tunayochuma saa tano na kuyala saa saba: ni mimea gani kati ya hiyo tungependa iwe na sumu?

Hata hivyo, cha asili si lazima kiwe salama. Mwaka huu palikuwa na mvutano kuhusu maji ya tumbaku, na kamati imeamua: hatuyatumii. Nikotini ni sumu kali inayopenya ngozini, na tumbaku inaweza kuleta ugonjwa wa virusi kwenye nyanya. Utupa nao hatuutumii. Wavuvi wanajua unavyoua samaki, na mvua ikinyesha kila kitu chetu kinateremka kwao.

Mwarobaini tunaendelea nao. Kilo moja ya majani mabichi yaliyotwangwa kwa lita tano za maji, yalale usiku kucha, yachujwe, sabuni ya mche kidogo ili dawa ishike. Punje za mbegu zina nguvu zaidi: gramu 50 zilizosagwa kwa lita moja. Pigeni jioni, kwa sababu mbili. Jua linaivunja dawa, na jioni nyuki wamerudi nyumbani. Kwa wadudu mafuta, kabla hamjapiga chochote, angalieni chini ya jani. Mkiona kimende chekundu chenye madoa meusi, au lile buu lake jeusi lenye madoa ya rangi ya chungwa, wekeni bomba chini. Hao wanakula wadudu mafuta kwa niaba yenu.

Kantangaze, yule nondo mdogo ambaye viwavi vyake hutoboa majani na matunda ya nyanya, bado anatushinda. Tangu aingie nchini mwaka 2014 hatujapata dawa moja ya kumaliza kazi. Waliovuna nyanya mwaka huu ni wale waliochuma majani yenye michirizi kila asubuhi na kuyafungia ndani ya mfuko mweusi juani, na wasiorudia nyanya wala bilinganya mahali palepale. Kwa minyoo fundo, ile inayovimbisha mizizi, pandeni marejea, mmea wa jamii ya kunde, msimu mmoja na kuyafukia yakianza kuchanua. Mbegu tumehifadhi kwa katibu.

Fedha zetu mweka hazina atazisoma mwenyewe. Niseme tu kwamba toroli lililonunuliwa limezunguka mitaa mingi na sasa linahitaji tairi. Wanaotaka kuandika neno Kilimohai, alama ya mazao yasiyotumia kemikali, kwenye vibao vyao wasubiri. Alama ile inafuata kiwango cha Afrika Mashariki kilichopitishwa kwanza mwaka 2007 na lazima tukaguliwe kwanza. Kamati imeanza kuuliza utaratibu wa kukaguana kwa vikundi, na ningeomba mwenye uzoefu ajitokeze leo.

Kwa upande wangu, muda wangu wa uenyekiti unaisha mkutano huu. Nitagombea tena mkiniruhusu, lakini kwa sharti kwamba karatasi yoyote ya maelekezo ijaribiwe kwanza kwenye bustani tatu, moja ya Raskazone, moja ya Ngamiani na moja ya Pongwe, kabla ya kugawiwa. Nimemwomba katibu aliweke sharti hilo kwenye kumbukumbu.

Jumamosi ya kwanza kabla ya masika tukutane kwangu Chumbageni saa mbili asubuhi. Kila mtu aje na udongo wake kwenye chupa, jina la mtaa limeandikwa juu, na ndimu moja. Asiye na ndimu asinunue, nitaomba kwa jirani, maana wangu bado.

Wenu,
Mwenyekiti