Namba ya waya iandikwe kwenye mwongozo wenyewe

Ndugu Mhariri,

Nipe nafasi niseme na wenzangu tunaoandika miongozo ya mitambo. Mimi ni fundi wa pampu za sola, naishi Mbale, Uganda, na kazi zangu nyingi ziko Karamoja, kaskazini mashariki mwa nchi.

Mwaka jana niliitwa kijiji kimoja karibu na Moroto. Pampu ilikuwa ikinguruma kidogo, inazima, inanguruma tena, inazima. Madumu ya njano yalikuwa yamepangwa foleni tangu alfajiri. Kijana aliyebadilisha waya alikuwa amefuata mwongozo neno kwa neno. Penye unene wa waya pameandikwa: "Tazama tovuti ya kampuni," na kiungo chake. Akapanda kichuguu kutafuta mtandao, akafungua ukurasa, akakuta milimita 4 za mraba, akanunua huo.

Kumbe ukurasa ulishabadilishwa. Jedwali lile lilikuwa la pampu mpya ya volti nyingi zaidi, ambayo kwa kazi ile ile huvuta ampea chache, hivyo waya mwembamba unaitosha. Iliyomo kisimani ni ya zamani. Kwenye waya wa mita 80 volti zilipotea njiani, mota ikashindwa kuanza. Kijana alinionyesha simu yake yenye kioo kilichopasuka: "Mzee, si ndiyo hii?" Nilikosa la kumjibu, maana ndiyo yenyewe. Na sehemu ile ya mwongozo niliiandika mimi, nilipokuwa kwa mkandarasi mmoja.

Sisemi tuache intaneti. Mimi mwenyewe naitumia kila siku. Lakini wanaoandika kanuni za intaneti yenyewe wanatushinda kwa hili: hati zao ziitwazo RFC, zilizoanza 1969, hupewa namba, na ikishatolewa maudhui yake hayabadilishwi tena, wakitaka kubadili jambo, hutoa nyingine yenye namba mpya. Hata Wikipedia, ambayo watu huihariri usiku na mchana, huhifadhi kila toleo la ukurasa, na kila toleo lina kiungo chake. Ukurasa usio na utaratibu huo unaweza kuwekwa kwenye Wayback Machine, hazina ya mtandaoni ya nakala za kurasa, iliyofunguliwa kwa umma 2001, kisha ukanukuu nakala ile yenye tarehe.

Siku hizi naandika namba yenyewe ya unene wa waya kwenye karatasi, jina kamili la modeli ya pampu, na tarehe niliyousoma ukurasa. Jedwali nalichapisha, nalitia plastiki, nalibandika ndani ya mlango wa kisanduku cha kontrola, kifaa kinachoiendesha pampu, ambako fundi hahitaji kichuguu.

Ombi langu kwa wahandisi wa maji wa wilaya: mkandarasi akiwaletea mwongozo, msitie sahihi mkiwa ofisini. Nendeni nao kisimani, mzime simu, mwone kama fundi anaweza kuifungua pampu na kuirudisha kwa karatasi ile peke yake. Ikishindikana, mrudishieni.

Fundi wa pampu,
Mbale