Asha, kompyuta imetoka kwetu mafundi

Majengo, Moshi
14 Juni

Mpendwa Asha,

Salamu kwako, kwa shemeji na kwa mama hapo Tanga. Sisi wazima, ila baridi inatutesa. Leo siku ya nne mlima haujaonekana.

Ulicheka niliposema nimeanza darasa la kompyuta la jioni. Cheka tu. Nembo za shule siku hizi zinadariziwa kwa mashine za kompyuta, na kila sare ninayoshona, hela ya nembo anaila mtu mwingine. Nikaona bora nikajifunze, hata kama wenzangu darasani ni vijana wa juzi wanaoniamkia.

Wiki ya kwanza nilishika mausi kama nimeshika pasi ya mkaa. Kilichoniamsha ni kipindi cha historia. Mwalimu akasema kwamba Ufaransa, mwaka 1804, Joseph Marie Jacquard alitengeneza mtambo wa kufumia unaofuata kadi zenye matundu. Penye tundu, uzi unanyanyuka. Pasipo na tundu, unabaki chini. Kadi zinapita moja baada ya nyingine, ua linajitokeza kwenye kitambaa. Asha, nusura nipige kigelegele! Nilimwona mama yako barazani na kofia zake. Ua la kofia ni nini kama si tundu hapa, pale hakuna?

Sasa sikia. Mwingereza Charles Babbage akazichukua kadi hizohizo kwa mashine ya hesabu aliyoibuni, ambayo hata hivyo hakuwahi kuimaliza (tunawajua mafundi wa namna hiyo). Mwanamke, Ada Lovelace, ndiye aliyeeleza kwa maandishi mwaka 1843 hatua ambazo mashine ile ingefuata kupiga hesabu ngumu. Akailinganisha na mtambo wa Jacquard: ule unafuma maua na majani, hii ingefuma hesabu. Hata hii kompyuta ya darasani, iliyochakaa kibodi, kazi yake ndani ni ileile: umeme upo au haupo, moja au sifuri. Nilikuwa naiogopa bure.

Intaneti bado inanizungusha. Jumanne umeme ulikatika, ikapotea barua niliyoichapa saa nzima, maana sikuwa nimeisevu. Nusura nilie. Mwalimu akanituliza na kisa cha tarehe 29 Oktoba 1969, huko California: mwanafunzi wa chuo kikuu cha UCLA alikuwa anatuma neno LOGIN kwenda kompyuta ya kituo cha utafiti cha Stanford. Zikafika L na O, mtambo ukagoma. Basi ujumbe wa kwanza wa mtandao uliokuja kuzaa intaneti ulikuwa herufi mbili. Yangu ilikuwa aya tatu, lakini nilinyamaza.

Nimekuwekea kitambaa ndani ya bahasha. Nimekishonea shanga safu nne, kila safu shanga nane, kwa sababu kompyuta huiandika kila herufi kwa tarakimu nane, kila moja ikiwa 1 au 0. Nyekundu ni moja, nyeusi ni sifuri. Safu ya kwanza ni 01000001, yaani A. Ya nne inafanana nayo. Hizo mbili za katikati mwulize mtoto wa shemeji anayesoma sekondari, na akikosea mwambie arudie kuhesabu, mimi nimezikagua mara tatu.

Mama umwambie naomba kofia moja ya mzee.

Mimi wako,
Neema