Mwanangu, hiyo 96 ni ya nani?

Mwanangu,

Dada yako kanionesha ile skrinishoti uliyomtumia, na usimgombeze maana nilimbana mwenyewe. Umemwandikia "hii sloti inarudisha 96%, riski ndogo", yaani ile mashine ya kamari ya kuzungusha. Nimeisoma mara tatu. Inarudisha kwa nani?

Wewe hesabu ulinishinda ukiwa bado mdogo, na mimi nilikuwa natamba nalo kwa watu, sasa nashangaa namba hiyo unaisomaje. Hiyo 96 haipigwi kwenye hela uliyoingia nayo, inapigwa kwenye kila dau. Ukizungusha 100 yote, kwa wastani inabaki 96, ukiirudisha tena yote inabaki 92 na kitu, ukifanya hivyo mara 10 una 66, mara 20 una 44. Na kidole hakitulii pale. Kila sekunde 6 umebonyeza, saa moja ni mara 600, kwa dau la 1 umepitisha 600 na 24 imeshaenda, wakati pengine ulikaa hapo na 50 tu.

Halafu huo ni wastani wa mamilioni ya mizunguko ya watu wote, sio wa jioni yako. Na hiyo riski ndogo umeitoa wapi? Sloti mbili zote zinaweza kuandikwa 96, moja inakudondoshea vijisenti mara kwa mara, nyingine inakaa kimya mizunguko mia mbili kwa sababu sehemu kubwa ya hiyo 96 imefungiwa kwenye jakpoti, ile zawadi kubwa, atakayoiokota mtu mwingine. Wanaiita volatiliti. Asilimia haikuambii hilo, na wewe uliangalia asilimia tu.

Angalia ruleti, lile gurudumu la namba linalozungushwa na kampira, ile iko wazi zaidi. Vishimo 37, ukipatia namba moja unalipwa 35 kwa 1, wakati ili mtoke sawa ilitakiwa 36. Hapo ndipo kasino wanapochota 2.7%. Ile ya Marekani ina sifuri mbili, vishimo 38, malipo yaleyale, na makato yanaruka hadi 5.26%. Kijishimo kimoja tu kimeongezwa! Blackjack, ule mchezo wa karata, ukicheza kwa kufuata jedwali la hatua bora bila kubahatisha wanabaki na kama nusu asilimia, ila sikutumi huko, usije ukasema baba kasema.

Utauliza nimejulia wapi. Kuna kipindi nilikuwa na daftari, nafuata nyekundu kwenye ruleti, nikipigwa nadabo dau. 1, 2, 4, 8, inaonekana haiwezi kushindwa, kumbe ukipigwa mara 10 mfululizo umeshatoa 1,023 ukitafuta faida ya 1. Kwenye kasino ya Monte Carlo mwaka 1913 mpira uliangukia nyeusi mara 26 mfululizo, watu wanamwaga hela kwenye nyekundu wakisema sasa lazima ije, kana kwamba gurudumu linakumbuka. Mimi zilinitosha 9. Mama yako mpaka leo anajua ile cherehani niliazimisha mtu akapotea nayo. Tuyaache hayo.

Lakini nijibu, 96 ya nani? Maana ukiniambia unacheza kujifurahisha na hela uliyoshaihesabu imekwenda, nitanung'unika na nitanyamaza. Ukiniambia ni mpango wa kuongeza kipato, hapo ndio silali.

Mlango wa nyuma umeanza kugoma tena, yule fundi wako alipiga msumari mmoja akaondoka. Mashuka yako mama yako kayafua kayakunja, anasema ukija usilete begi la nguo chafu kama mara ile. Ufunguo wa kabati la chumbani kwako unao wewe? Tumetafuta kila mahali, vyeti vyako vimo humo na kuna panya.

Jibu kwenye namba yangu, sio ya nyumbani. Na kwa mama yako la cherehani usiliguse, nitamwambia mwenyewe.

Baba